Nguo imfuate mtoto: Kushona vazi la kuteleza barafuni nyumbani

Mzazi, je, umewahi kumwona bintiyo mbele ya kioo akiwa amevuta pumzi na kubana tumbo, anahangaika kufunga zipu ya nguo aliyoivaa bila shida miezi michache iliyopita?

Dada yangu alimwona wake akifanya hivyo Februari mwaka jana. Wanaishi Calgary, Kanada, na huko mchezo wa kuteleza kwenye barafu ni kama mpira kwetu. Mtoto ana miaka 12. Tangu akiwa na miaka saba huvaa viatu vyake vyenye vyuma mara tatu kwa wiki na kwenda uwanjani. Vazi lake la onyesho lilikuwa limenunuliwa Septemba kwa dola 180 za huko. Kufikia Februari lilikuwa halimpandi mabegani, na onyesho la kufunga msimu lilikuwa mwisho wa Machi.

Lakini si zipu iliyomfanya dada anipigie simu. Ni mkebe wa chakula cha mchana. Ulikuwa umerudi nyumbani ukiwa umejaa siku nne mfululizo.

Kwa kuwa ninaandika habari za afya gazetini, nyumbani kwetu nimegeuzwa daktari wa ukoo, ingawa si daktari. Niliomba kuongea na mtoto mwenyewe. Tulizungumza habari za shule na za paka wao, kisha nikamuuliza kuhusu chakula. Alinyamaza kidogo, akasema: "Vazi linanibana, mama mdogo. Nikipungua kidogo tu litanitosha."

Nilimwambia dada mambo mawili usiku huo. La kwanza, ampeleke mtoto kwa daktari wao wiki hiyo hiyo. La pili, lile vazi alifiche kabatini, lisionekane tena.

Mwili unaokua hauna kosa

Tuanze na hesabu, maana inasaidia kuondoa lawama. Kabla ya kubalehe, watoto wengi hurefuka kwa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Msichana anapobalehe anaweza kurefuka kwa sentimita 8 hivi kwa mwaka. Matiti huanza kuota kati ya umri wa miaka 8 na 13, nyonga hupanuka, na mwili huongeza mafuta kwa sababu unayahitaji. Mtoto wa miaka 12 ambaye vazi lake la Septemba linamtosha vizuri Februari ndiye wa kushangaza, si yule ambaye limembana.

Michezo inayotazamwa kwa macho, ambayo waamuzi hutoa alama kwa umbo na mwendo, ina historia chungu katika jambo hili. Yulia Lipnitskaya wa Urusi alipata dhahabu ya timu katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 akiwa na miaka 15 tu. Mwaka 2017, akiwa na miaka 19, ilitangazwa kwamba ameacha mashindano baada ya kutibiwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Mwaka huo huo Gracie Gold wa Marekani naye alisimama ili atibiwe, na miongoni mwa aliyoyataja ni tatizo la ulaji.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali ya mwanamichezo kula kidogo kuliko nguvu anazotumia. Kwa kifupi huitwa RED-S. Hedhi inaweza kukatika au kuchelewa kuanza, mifupa hudhoofika, kinga hushuka na ukuaji huzorota. Mfikirie sasa mtoto mwenye mifupa dhaifu anayeruka na kutua juu ya barafu.

Kwa hiyo vazi si pambo tu. Likiwa dogo, mtoto hudhani yeye ndiye mkubwa.

"Mwili naujua"

Vazi jipya lilikuwa ghali, na kwa kasi ile ya kukua lingembana tena kabla ya Krismasi. Dada akaamua kushona. Ana cherehani ndogo ya nyumbani ambayo alikuwa akiitumia kupindia mapazia.

Fundi wa kwanza kushauriwa alikuwa mama yetu, aliyeshona sare za shule na madera kwa zaidi ya miaka 30 pale Majengo, Mombasa. Tulimpigia simu ya video Jumamosi. Calgary ilikuwa saa mbili asubuhi, Mombasa saa kumi na mbili jioni. Dada akasogeza kitambaa karibu na kamera, akakivuta huku na huku. Mama akavaa miwani.

"Kitambaa hiki sikijui," akasema. "Lakini mwili naujua. Lete mtoto apimwe."

Kisha akamwambia mjukuu wake jambo ambalo sikuwa nimefikiria kulisema, pamoja na kusoma kwangu kote: "Njoo, mama, usiogope. Mimi nimepima watu maisha yangu yote. Sijawahi kukuta kipimo kibaya. Nimekuta fundi aliyepima vibaya."

Mtoto akacheka. Akasimama wima, akapimwa.

Ningependa wazazi wachukue hilo kabla ya kuchukua mkasi. Tepu ya kupimia inaweza kumfariji mtoto au kumuumiza, kutegemea mdomo wa anayeishika. Andika namba kimya. Usiseme "umenenepa", usiseme hata "umepungua, vizuri". Usilinganishe na dadake. Mtoto akiuliza, mwambie namba hizo ni za kumsaidia mkasi.

Kipimo kinachosahaulika

Kifua, kiuno na nyonga kila mtu huvipima. Katika vazi la kuteleza kuna kipimo kingine muhimu zaidi, kwa sababu vazi hilo huungana chini kama la kuogelea, kisha sketi fupi hushonewa juu yake. Kipimo hicho ni mzunguko wa kiwiliwili. Weka tepu begani, ishushe kifuani na tumboni, ipitishe katikati ya miguu, ipandishe mgongoni hadi bega lile lile. Mtoto asimame wima, na tepu iguse mwili bila kubana.

Duka lilikuwa limeomba vipimo vile Septemba, na dada alikuwa bado navyo kwenye simu. Wakati huo mzunguko ulikuwa sentimita 131. Februari ulikuwa 136. Kiuno kilikuwa karibu vile vile! Mtoto alikuwa anajinyima chakula kwa sababu ya tumbo, kumbe kilichokuwa kinabana ni urefu. Hata angekonda vipi, mabega yake yasingeshuka.

Tulimwonyesha zile namba mbili kwenye karatasi. Alizitazama kwa muda mrefu.

Pima pia mkono kutoka begani hadi kifundo, kiwiko kikiwa kimekunjwa, maana mikono haikai imenyooka mchezoni. Pima paja pale lastiki itakapokaa. Rudia vipimo vyote kila unaposhona. Kwa mtoto anayebalehe, vipimo vya miezi mitatu iliyopita ni vya mtoto mwingine.

Kitambaa na mkato

Hapa Nairobi nilimtafuta fundi anayeshona mavazi ya wacheza dansi na sarakasi karibu na Biashara Street, nikamwomba anifundishe ili niwafundishe wa Calgary. Haya ndiyo aliyonieleza.

Nunua kitambaa cha naironi au poliesta kilichochanganywa na spandeksi, ambacho wengi wetu tunakiita laikra. Kiwe kinavutika pande zote mbili, upana na urefu. Kinachovutika upana tu kitamzuia mtoto kuinama na kuinua mguu nyuma. Kijaribu dukani: shika sehemu ya sentimita 10, ivute. Ikifika 15 bila kulazimishwa, inafaa. Kisha iachie. Isiporudi kuwa 10, irudishe kwa mwenye duka.

Pamba tupu haifai, hata kama ngozi inaipenda. Inanyonya jasho na kulishika, na barafu ya uwanjani huwa na baridi ya nyuzi chache chini ya sifuri. Mtoto akipumzika dakika tano akiwa na nguo mbichi mwilini, atatetemeka.

Kitambaa hiki hukatwa kidogo kuliko mwili. Mama yetu aliposikia hivyo alishtuka: "Mnakata nguo ndogo kuliko mtu?" Ndiyo, kwa sababu kisipovutwa hukunjamana, na kinapolowa jasho hulegea. Kwa kitambaa cha kipimo kile, punguza asilimia 8 hivi kwenye upana. Kifua cha sentimita 74 kitakatwa 68. Kwenye mzunguko wa kiwiliwili punguza kidogo zaidi ya hapo usithubutu. Asilimia 5 inatosha kabisa, yaani 136 iwe 129. Ukizidisha hapo, mabega na katikati ya miguu ndipo patakapoumia.

Kama huna karatasi ya kukatia, tafuta mtumba. Vazi la kuogelea lililokwisha kazi, linalomtosha mtoto, likifumuliwa mishono yake ni mwalimu mzuri. Hapa kwetu Gikomba hutakosa. Shona kwanza la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu kinachovutika vile vile. Dada alishona mawili kabla ya kugusa kile kizuri.

Sketi na ukanda wa juu havikuhitaji zaidi ya mita moja na nusu ya kitambaa. Gharama yote, pamoja na makosa, ilikuwa dola 45.

Sindano, uzi na lastiki

Vazi la kwanza la majaribio lilipasuka mtoto alipoinua mguu mara moja tu. Kosa halikuwa lake. Dada alikuwa ametumia sindano ya kawaida na mshono ulionyooka.

Sindano ya kawaida ina ncha kali inayokata nyuzi za kitambaa hiki na kuruka mishono. Omba sindano ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha ya mviringo. Namba 75/11 inatosha kwa laikra ya kawaida. Tumia uzi wa poliesta, si wa pamba. Weka cherehani kwenye zigizaga nyembamba, kwa sababu mshono ulionyooka hauvutiki na hukatika kitambaa kinapovutwa. Mwenye mashine ya ovaloki amepata, lakini si lazima.

Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Shona, kisha kivute kwa nguvu zako zote. Ukisikia "tak", ongeza upana wa zigizaga. Wakati wa kushona usikivute kitambaa kwa mkono; kiache kiende chenyewe, la sivyo pindo litakuwa na mawimbi.

Lastiki ya mapajani ishike bila kukata. Ikiwa mtoto anapovua unaona alama nyekundu zilizozama na zinazokaa muda mrefu, ifumue. Jasho na msuguano mahali hapo huleta vipele, na mtoto wa umri huo anaweza kuona aibu kukuonyesha.

Jambo jingine ambalo watoto wengi hawasemi ni hedhi. Fanya sehemu ya chini iwe na bitana na iwe pana ya kutosha kwa pedi, na uchague rangi nyeusi au ya giza huko chini. Mtoto anayeogopa kuchafuka hatathubutu kuruka.

Stara na usalama

Mpwa wangu ameanza kujitanda kichwani, kwa hiari yake. Lile vazi la dukani lilikuwa na mgongo wa wavu, na ndiyo sababu nyingine iliyokuwa ikimfanya ajikunyate. Wapo wazazi wanaodhani mchezo huu hauna nafasi kwa msichana anayejistiri. Nafasi ipo, na kuna aliyeipigania.

Zahra Lari wa Umoja wa Falme za Kiarabu aliingia mashindano ya Ulaya huko Canazei, Italia, mwaka 2012 akiwa na hijabu. Alikatwa alama kwa sababu ya kile kitambaa cha kichwani. Aliendelea kuitetea hoja yake kwa wasimamizi wa mchezo, na hijabu ikakubalika. Aidha, tangu mwaka 2004 kanuni za kimataifa haziwalazimishi wanawake kuvaa sketi. Wanaweza kuvaa suruali. Kanuni zenyewe husema vazi liwe la heshima na lisilete picha ya uchi kupita kiasi. Bibi wa Majengo asingeandika tofauti.

Vazi la mtoto wetu likawa na mikono mirefu na shingo ya juu, sketi ya kuzunguka, na taiti nyeusi nzito chini yake. Taiti zilishonwa zikiwa na nafasi ya kutosha kuvaliwa juu ya pedi laini za nyonga siku za mazoezi, kwa sababu anayejifunza kuruka huanguka mara nyingi. Kitambaa cha kichwa kilitoka kwenye laikra hiyo hiyo, kimeshonwa kikafungwa chini ya kidevu na kuchomekwa ndani ya shingo ya vazi. Hakikuwa na pini hata moja. Pini kichwani au shingoni mwa mtoto anayeweza kuanguka kwa kasi ni hatari.

Mapambo nayo yana masharti. Shanga au kito kikidondoka kwenye barafu, chuma cha kiatu cha mtoto mwingine kinaweza kukikanyaga akaanguka. Katika mashindano, kipande cha vazi kikianguka uwanjani mchezaji hukatwa alama moja. Dada alitia vito 24 tu, akavitikisa na kuvivuta kimoja kimoja siku iliyofuata. Vitatu vilitoka. Bora vilitokea sebuleni.

Vazi likiisha, usimwulize mtoto kama ni zuri. Mwambie achuchumae, ainue mikono, ainame nyuma, aruke, aketi, kisha akae nalo dakika 20 akifanya mambo yake. Akianza kulivutavuta, pana kazi imebaki. Lifuliwe kwa maji baridi baada ya kila kuvaliwa, bila dawa ya kung'arisha wala pasi, na likaushwe kivulini.

Si Kanada tu

Huenda unasoma haya ukiwa Likoni au Morogoro ukajiuliza barafu inakuhusu nini. Nairobi tuna uwanja wa barafu tangu mwaka 2005, katika hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa, na ndipo timu yetu ya magongo ya barafuni, Kenya Ice Lions, imefanyia mazoezi. Zaidi ya hapo, vazi la kuogelea, la sarakasi na la dansi hushonwa kwa kitambaa kile kile na hubana mwili ule ule wa mtoto anayekua.

Zingatia dalili hizi kwa mtoto wa mchezo wowote: chakula kinachorudi nyumbani, kisingizio cha "nimeshakula", kupima uzito kila mara, hedhi iliyokatika, uchovu, maumivu ya mifupa yasiyoisha, au kukataa kuvua sweta hata kwenye joto. Ukiziona, usigombe na usisubiri. Mpeleke kwa mhudumu wa afya. Kocha akizungumzia uzito wa mtoto, mwombe azungumze na wewe, si na mtoto.

Sitaki kudai kwamba cherehani ilimponya mpwa wangu. Daktari alimpima urefu na uzito, akamwonyesha kwenye chati kwamba anakua inavyotakiwa, na amekuwa akimwona tena kila baada ya muda. Dada aliacha kumwuliza mkebe uko wapi mbele ya wageni. Mezani hula wote pamoja, simu zikiwa mbali. Kuna siku bado mkebe hurudi nusu.

Siku ya onyesho nilimpigia usiku wa huko. Alinisimulia dakika kumi nzima: muziki ulivyochelewa kuanza, alivyoanguka katika mruko wa pili, alivyoinuka, rafiki yake alivyopiga kelele kutoka benchi, chipsi walizokula baadaye. Vazi hakulitaja. Nami sikumwuliza.

Bibi ndiye aliyeuliza, naye alitaka kujua jambo moja tu: kama mishono ilishika.

Ilishika. Na Juni hii watampima tena.